Nyuma ya Kigingi cha Tatu

Wengi wenu hapa Pangani mmeniuliza imekuwaje nikarudi kutoka Mafia na cheti cha ushindi mkononi na uso wa mtu aliyetoka matangani. Nimechoka kujibu nusunusu mlangoni, kwa hiyo nasimulia safari yote, tangu kuondoka hadi kurudi. Anayetaka asome. Asiyetaka aendelee kusema Zuhura ameharibika kwa kusoma.

Kila mwaka chuo chetu hufanya kongamano la wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwenye utafiti huonyesha utafiti wake, mwenye kazi ya sanaa huonyesha sanaa yake, majaji hupita wakiuliza maswali, wakubwa hupiga picha. Mara hii walimu wakaamua lisifanyike Dar es Salaam. Walisema wengi wetu tulifanyia kazi zetu kisiwani Mafia, tukala samaki wa watu na kulala vitanda vya watu, kisha matokeo yakaishia kabatini. Basi kongamano liende Kilindoni, wenye kisiwa waje wasikie. Nililipenda wazo hilo. Bado nalipenda, ingawa limenitoa machozi.

Kazi yangu ilihusu makaburi ya Bweni. Bweni ni kijiji cha mwisho kaskazini mwa Mafia, penye mnara wa taa, na makaburi yao yako ufukweni kabisa. Bahari inayala. Mwaka uliotangulia nilikaa kule masika yote nikipima inavyoyala. Tulisimamisha vigingi vinne vya mti vyenye vichwa vyekundu kwa mstari mmoja, cha kwanza karibu na maji, cha nne ndani ya minazi. Kila lilipopita bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, tulipima ukingo umesogea kiasi gani. Nasema tulipima, lakini mimi nilikuwa nasimama barabarani na kalamu yangu. Mnajua desturi yetu, na ya Bweni ni hiyo hiyo: mwanamke haingii makaburini. Aliyevipigilia vigingi na kushika futi ya kamba ni Omari, mtoto wa mwenyeji wangu.

Mwenyeji wangu ni Bi Mwanakombo, mjane anayelima muhogo na kusuka mikeka. Mumewe, Mzee Shaibu, alikuwa mkwezi wa minazi, na mnazi ndio uliomuua. Kaburi lake lilikuwa safu ya mbele, upande wa maji. Kila jioni Bi Mwanakombo alitoka, akasimama pale pale niliposimama mimi barabarani, akamsomea Fatiha mumewe kwa mbali, kisha akatazama bahari kama mtu anayemtazama jirani mwizi. Siku ya kwanza tu aliniuliza, "Mwanangu, atafikiwa lini?" Nikamwambia ndicho nilichokuja kukitafuta. Nilipoondoka mwisho wa masika, jibu lilikuwa bado halijakamilika kichwani mwangu.

Ijumaa alfajiri tuliondoka chuoni kwa basi la kukodi, mabango yetu tumeyakunja kama mikeka ya kuuza. Jirani yangu alikuwa mwanafunzi wa sanaa aliyeshona gauni la makumbi ya nazi. Hakukubali liwekwe kwenye mizigo, akalipakata njia nzima, na tulipofika Kibiti nilikuwa nimejikuna mkono mzima. Nyuma yetu watu wa uvuvi walikuwa wakikariri maelezo yao kwa sauti, kila mmoja akimkosesha mwenzake. Mimi nilikuwa na furaha, sifichi. Ramani yangu ya mwisho ilikuwa tayari, mwalimu wangu ameisifu, na nilikuwa nimempigia simu Omari amlete mama yake Kilindoni. Nilitaka Bi Mwanakombo anione nimesimama mbele za watu.

Nyamisati ni bandari ndogo katikati ya mikoko, na boti huondoka maji yanapotaka, si abiria wanapotaka. Tulisubiri kwenye benchi la mama muuza chai. Akatutazama na mizigo yetu ya ajabu, akauliza, "Mnakwenda kuuza nini huko?"

"Hatuuzi, mama," nikamjibu. "Tunakwenda kuonyesha tulichosoma."

"Na mkishaonyesha?"

Tulicheka, tukamlipa chai yake.

Njiani baharini sina cha kusimulia ila kwamba nilitapika, mimi mtu wa Pangani, na yule wa gauni la makumbi anayetoka Dodoma hakutapika. Mnicheke mnavyotaka.

Kilindoni tulifika alasiri. Ulikuwa mji ule ule nilioujua, wenye mchanga mweupe barabarani, harufu ya samaki wa kukaanga, na ndege ndogo inayotua karibu sana na nyumba za watu. Tulilala katika mabweni ya shule moja. Mchana wa kesho yake ndio ulikuwa zamu yangu, na nilirudia maneno yangu mpaka wenzangu wakaniomba nifunge mdomo.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa kuliko tulivyotazamia. Walikuwepo wakulima wa Baleni na kinamama wa mwani kutoka Chole, waliovuka kwa mashua hadi Utende na kupanda gari. Mgeni rasmi alifungua kongamano, akasema vijana ni hazina, akapiga picha na gauni la makumbi, akaondoka kabla ya chai. Umeme nao ukakatika muda si mrefu, jenereta likawashwa nyuma ya ukumbi, na tangu hapo kila aliyesema alisema kwa kupaza sauti. Kinamama wa Chole waliangalia igizo la wanafunzi kuhusu kilimo cha mwani. Mwigizaji mmoja alifunga mwani kwenye kamba kichwa chini, na wale kinamama wakanong'onezana mpaka igizo likaisha.

Kabla ya zamu yangu nilimwona Bi Mwanakombo akiingia, amejitanda kanga mpya, Omari nyuma yake na kifurushi. Nikaenda mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazee wa Pangani hawajambo?"

"Hawajambo. Habari za Bweni?"

"Njema, alhamdulillahi." Akachukua kifurushi kwa Omari, akakifungua mwenyewe. Ulikuwa msala wa ukili, mpana, umesukwa kwa ukili wa rangi ya zambarau na kijani. "Huu wako. Nimeusuka kwa ajili ya shukrani. Ulitufaa sana, Zuhura. Mwenyezi Mungu akulipe."

Nilidhani ni adabu tu ya mwenyeji. Nilimshukuru, nikamkalisha kiti cha mbele, nikaenda kusimama kwenye projekta.

Nilieleza vizuri. Hata leo siwezi kusema nilieleza vibaya. Nilionyesha picha ya makaburi kutoka barabarani, nikaonyesha vigingi, nikaonyesha ukingo wa masika yaliyopita. Kisha nikaweka ramani yangu ya mwisho. Ilikuwa na mstari wa buluu mahali bahari ilipokuwa, na mstari mwekundu mahali itakapofika baada ya masika mawili au matatu, ikiendelea kula kwa kasi ile ile. Watu waliguna. Majaji waliandika. Mshereheshaji akasema kuna nafasi ya swali moja, na aliyesimama alikuwa Bi Mwanakombo.

"Mwanangu, huo mstari mwekundu umepita mbele ya kigingi cha tatu, au nyuma yake?"

"Nyuma yake, bibi. Upande wa minazi."

"Kwa hiyo kigingi cha tatu kitakuwa majini."

"Ndiyo, bibi."

"Haya," akasema, akakaa. Mshereheshaji akasema hilo ndilo lengo la kongamano, wananchi kuuliza maswali mazuri, akaomba tumpigie makofi Bi Mwanakombo. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa anaitazama mikono yake.

Baada ya chakula cha mchana niliwakuta nyuma ya ukumbi, karibu na jenereta. Sahani ya pilau ya Bi Mwanakombo ilikuwa imepoa magotini mwake. Omari ndiye aliyeniambia, na ilimbidi aseme karibu na sikio langu kwa kelele za ile mashine.

"Ulipoondoka, dada, lilikuja bamvua likafungua safu ya mbele. Tulikuta ubao wa kaburi umetoka nje. Watu wakataka wafu wao wahamishwe. Imamu wetu, Maalim Haji, alikataa kwanza. Akafunga duka lake, akasoma vitabu vyake, akaja akasema hii sasa ni dharura, bahari imeshafungua, wahamishwe. Lakini akasema ni mara moja tu. Maiti hachezewi."

"Mkawahamishia wapi?"

Nilikuwa nimeshajua. Omari akatazama chini.

"Nyuma ya kigingi cha tatu. Pale pana ardhi ya wakfu. Kuanzia cha nne ni shamba la watu, hawakutoa. Tukawatia sanda mpya, tukawazika upya, wote wa safu ile. Baba tulimzika wa kwanza, karibu kabisa na kigingi."

"Omari, nilikwambia vile ni vya kupimia."

"Uliniambia. Nikajua unapima mwisho wa maji ulipo. Ukaniambia cha tatu ndicho kikubwa, kisiguswe na mtu."

Ni kweli niliyasema hayo. Cha tatu ndicho tulichoanzia vipimo vyote, kingesogezwa kazi nzima ingeharibika. Lakini mfikirie mtu wa Mafia. Walikuja wapimaji wa hifadhi ya bahari na vigingi vyao, wakasema mwisho wa kuvua ni hapa. Wakaja wapimaji wa hoteli na vigingi vyao, wakasema mwisho wa kupita ni hapa. Kila mti uliopakwa rangi uliowahi kusimamishwa kisiwani pale ulikuwa amri ya kwamba kitu kinakoma. Nami nikaja kutoka chuo kikuu na vigingi vyekundu, nikasema hiki kisiguswe. Kwa nini wangeuliza? Walitii, kama walivyozoea kutiishwa.

Bi Mwanakombo akasema, si kwangu wala kwa Omari, "Tumemtoa kwenye maji, tukamweka njiani mwa maji." Akasogeza ile sahani pembeni. "Na Shaibu hajui kuogelea."

Nililia pale pale, na yeye ndiye aliyenifuta uso kwa pindo la kanga yake. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Jioni walitangaza washindi. Utafiti bora ukawa wangu. Nilipewa cheti, mkoba wenye nembo ya chuo, na mkono wa kila jaji. Mmoja akaniambia kilichowavutia ni jinsi kazi yangu ilivyogusa maisha ya watu. Nikasema asante.

Jumapili asubuhi niliomba ruhusa kwa mwalimu wangu, nikapanda pikipiki na Omari kwenda Bweni. Mama yake alikuwa ametangulia kwa gari la mzigo. Kupita Baleni barabara bado ni nzuri, kupita Kirongwe inageuka mashimo na mchanga, na mara mbili nilishuka nikatembea Omari akisukuma. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Maalim Haji, na kila nilipoyapanga yalikuwa mabaya.

Tulisimama barabarani mbele ya makaburi. Kigingi cha kwanza hakikuwepo. Cha pili kimelala ndani ya maji yanayopwa, rangi yake imebabuka. Cha tatu kimesimama wima, chekundu, na nyuma yake safu ya matuta mapya yaliyopangwa mawe ya matumbawe meupe pembeni, yamefagiliwa, hayana jani. Walikuwa wamefanya kazi nzuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kuona ilivyofanywa vizuri.

Maalim Haji ni mtu wa makamo, na duka lake huuza sukari, betri na ndoano. Nilimkuta akipima mchele. Nikampa shikamoo, nikamweleza kila kitu bila kuficha kitu. Alimaliza kupima, akamfungia mteja wake, akangoja aende.

"Masika mangapi, binti?"

"Mawili au matatu, maalim. Siwezi kuapa. Inaweza kuwa mapema, inaweza kuchelewa."

"Na unataka wahamishwe tena."

"Nataka mjue. Mkiwahamisha sasa kuna muda wa kutafuta ardhi ya mbali."

Akakaa juu ya gunia. "Nisikilize. Mara ya kwanza bahari ilikuwa imekuja. Mfupa ulikuwa unaonekana. Hiyo ni dharura, na hata hivyo sikulala. Sasa unaniambia bahari itakuja. Kwa neno la itakuja mimi sifukui mtu aliyelala. Nitamwambia nini Mungu, kwamba niliona ramani?"

"Ikishakuja si tutakuwa tumechelewa?"

"Tutakuwa tumechelewa," akakubali. Hakukasirika. Alisema kwa huzuni ya mtu aliyelipigia hesabu jambo hilo zamani. "Wanaokufa kuanzia leo hatutawazika pale, hilo nakuahidi. Tutamwomba mwenye shamba, tutagombana naye mpaka atoe. Waliokwisha kuzikwa tuwaache. Nitawaambia watu mwenyewe, baada ya Isha. Wewe usiwaambie, watakuchukia bure."

Nilitamani wanichukie. Lakini ule msikiti ni wake na wale watu ni wake, nikamwachia.

Usiku ule Bi Mwanakombo alipika muhogo wa nazi na samaki mkavu, tukala. Baada ya Isha tukawaona wanaume wanarudi kutoka msikitini, kila mmoja na tochi yake. Walipita mlangoni petu mmoja mmoja. Walisema "Salaam alaikum," tukajibu, na hakuna aliyesimama.

Jumatatu asubuhi ilikuwa safari ya kurudi. Bi Mwanakombo alinisindikiza hadi pale barabarani, Omari anatusubiri na pikipiki. Maji yalikuwa yanajaa. Akasoma Fatiha yake, akapangusa uso, kisha akanyoosha kidole kwenye minazi.

"Kile cha nne, kinasema nini?"

"Hakisemi kitu, bibi. Ni cha kupimia tu."

"Basi king'oeni, kabla hatujaanza kukiamini."

Omari akaruka ua wa shamba, akakitikisa, akakitoa, akaniletea. Mti mfupi tu, mchanga umekauka nchani. Nikamwambia Omari sasa na cha tatu, kwani kazi yangu imekwisha na sikutaka kibaki pale kikiwadanganya watu. Alikuwa ameshapiga hatua kuelekea makaburini mama yake alipomzuia.

"Hicho kiacheni."

"Bibi, kitaanguka chenyewe."

"Najua kitaanguka. Mimi siingii mle, Zuhura. Kaburi la mume wangu silijui kwa kuligusa. Nalijua kwa kile kichwa chekundu, nikisimama hapa." Akajifunga kanga vizuri. "Siku nikitoka nisikione, nitajua."

Nikambusu mkono, nikapanda.

Katika boti ya kurudi wenzangu walikuwa wakiimba, gauni la makumbi limepata zawadi pia, na mtu akaniuliza kwa nini nasafiri na kuni. Nikasema ni kumbukumbu. Kile kigingi kiko chumbani kwangu hapa Pangani, nyuma ya mlango, na cheti mama ameshakitundika sebuleni ambako mmekiona wote. Ule msala sijauswalia bado. Nikiukunjua naona shukrani isiyokuwa yangu.

Mkitaka kujua nimejifunza nini, nimejifunza hili. Mpimaji huondoka, lakini mti alioupigilia hubaki ukisema, na hausemi alichokusudia yeye. Husema kile ambacho watu wamezoea kuambiwa na miti ya namna ile. Nikipigilia kitu tena katika ardhi ya watu, nitakaa nao mpaka wao waniambie wamesikia kinasema nini, hata kama kazi itachelewa na chuo kitanifokea.

Masika yameanza tena. Simu za Bweni ni za kubahatisha, lakini kila bamvua likipita napiga kwa Omari, na siku hizi anayepokea ni mama yake. Mnajua salamu zetu zilivyo ndefu, mpaka mbuzi huulizwa hali. Sisi wawili tumeziacha. Anapokea, na kabla hata sijatoa shikamoo ananiambia, "Kipo." Kisha ndipo tunasalimiana.